Kambare Hawapendi Taa

Mzee Otiende alistaafu kazi ya reli miaka mitatu iliyopita, lakini mwili wake haukupata barua ya kustaafu. Kila siku saa kumi na moja alfajiri macho yake hufunguka yenyewe. Kwanza humsalimu mkewe, Awiti. Awiti hujibu kwa kuvuta blanketi. Kisha Otiende huvaa gambuti, hutoka nyuma ya nyumba yao pale Komarock, na kwenda kuwasalimu samaki wake.

Samaki hao ni kambare, wale ambao Waluo huwaita mumi. Wana ndevu kama paka. Hawana magamba, na ngozi yao huteleza kama sabuni. Wanaishi katika tangi la mawe na saruji ambalo Otiende alilijenga kwa mikono yake. Urefu wake ni hatua tatu, upana hatua mbili, na kina chake hufika kiunoni. Juu lina kifuniko cha mbao na waya, ili watoto wasitumbukie na paka wasijihudumie.

Awiti ana kibanda cha samaki wa kukaanga kando ya Kangundo Road. Kwa miaka mingi alidamka kwenda soko la Gikomba kununua samaki. Otiende alipoanza kujenga tangi alimwambia, "Mama Perez, siku moja utachukua samaki hapa hapa nyumbani ukiwa umevaa ndala."

Miezi minane ilipita. Kambare walikula, wakanenepa, wakafika kilo moja kila mmoja. Siku ya kuwavua ikafika.

Ilikuwa Alhamisi. Asubuhi Otiende aliwapa chakula mara mbili ya kawaida.

"Wacha washibe," alisema. "Samaki wa mwisho wa mwezi lazima awe mzito."

Saa saba mchana, jua likiwa utosini, aliingia ndani ya tangi na beseni. Kambare walikimbia huku na huku. Yeye naye akawafuata. Walijigonga ukutani. Walipita katikati ya miguu yake. Maji yalitibuka yakawa rangi ya chai ya maziwa. Baada ya saa nzima alikuwa amepata samaki ishirini na kupoteza kitambulisho chake cha zamani cha reli. Aliwaweka samaki kwenye karai, karai akaliweka uani, akaenda kuoga. Awiti alirudi kutoka mkutano wa chama saa kumi. Samaki walikuwa bado wako juani.

Jioni hiyo aliwakaanga na kuwapanga kibandani. Mteja wa kwanza alikuwa Mbuthia, fundi wa magari, ambaye hula hapo karibu kila siku. Mbuthia alikula vipande viwili, akasimama, akairudisha sahani.

"Mama Perez, hebu niambie ukweli. Umenikaangia samaki ama umenikaangia matope?"

"Mbuthia, wacha mchezo. Huyo ni samaki wa kwangu nyumbani."

"Basi nyumbani kwako kuna shida. Nyama inavunjika kama mkate uliolowa chai. Na hii alama nyeusi mbavuni ni ya nini? Huyu samaki alipigwa na nani?"

Watu waliokuwa kwenye benchi walicheka. Awiti hakucheka. Usiku huo alirudi nyumbani na ndoo iliyojaa samaki waliokataliwa.

"Baba Perez," alisema, akiiweka ndoo sakafuni. "Nimeuza samaki miaka kumi na sita. Leo ndiyo mara ya kwanza mtu kunirudishia sahani."

"Ni bahati mbaya tu."

"Bahati mbaya haina ladha ya matope. Sasa nisikilize. Jumamosi ya wiki ijayo nitajaribu mara moja. Mara moja tu. Wakiniaibisha tena, waliobaki utawatoa wote, na tangi hilo nitaweka maji ya kufulia."

Binti yao Perez, ambaye anasomea ualimu, alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai.

"Buda, hapo mathe ameongea," alisema. "Hiyo haina rufaa."

Rafiki zake wengi waliostaafu walikuwa wakikaa kutwa nzima wakisikiliza redio na kulalamika kuhusu magoti. Yeye alikuwa na kazi. Alikuwa na kitu kinachomngoja kila asubuhi. Sasa alikuwa na siku tisa za kukiokoa.

Alifikiri sana. Hatimaye Jumatatu, walipokuwa wakila, alitabasamu.

"Nimegundua kosa," alisema. "Niliwavua mchana. Samaki huvuliwa usiku. Mjomba wangu kule ziwani alikuwa akiwasha karabai juu ya mtumbwi, na omena, wale dagaa wadogo, walikuja wenyewe kama waumini wanaokimbilia ibada. Samaki hupenda taa. Usiku wa leo nitawajaribu hawa."

"Hao ni omena," Awiti alisema. "Sasa hawa ni omena?"

"Samaki ni samaki, Mama Perez."

Saa nne usiku Otiende alitoka na taa kubwa ya kuchaji. Mvua ndogo ilikuwa imetoka kunyesha na ardhi ilikuwa imelowa. Aliondoa kifuniko cha waya. Aliinua taa juu ya maji, akangoja. Hakuna samaki aliyekuja. Aliishusha taa karibu zaidi. Kambare walishuka chini kabisa, wakajibanza pembeni.

"Taa haitoshi," alinong'ona. "Perez! Leta simu yako."

Perez alitoka akipiga miayo. Akawasha taa ya simu.

"Baba, hawa samaki hawataki kupigwa picha."

"Ilete karibu."

Perez akaisogeza karibu. Ghafla maji yakalipuka. Kambare walirukaruka kama mahindi kwenye sufuria ya bisi. Mmoja alimpiga Otiende kifuani. Mwingine, mkubwa kuliko wote, aliruka ukuta wa tangi, akaanguka kwenye tope, akaanza kujikokota kwa mapezi yake. Kambare anaweza kuvuta hewa nje ya maji kwa muda, na ardhi ikiwa imelowa husafiri. Huyu alisafiri mpaka chini ya ua wa mabati, akapita kwenye upenyo, akaingia kwa jirani.

Baba na binti walitazamana.

"Huyo ameomba uhamisho," Perez alisema.

Upande wa pili sauti ya mwanamke ilisikika. "Nani huyu ananitumia mumi usiku bila hata ugali?"

Ilikuwa sauti ya Nyawira. Watu wa mtaa humwita Mama Kim. Alikuwa amehamia hapo miezi miwili tu iliyopita, na kila asubuhi huondoka mapema kwenda kazini. Akina Otiende walijua tu kwamba anafanya kazi ya serikali. Baada ya dakika chache alibisha mlango wa mbele. Alikuwa amevaa kofia ya kulalia, na samaki alikuwa ndani ya gunia lililoloweshwa maji.

"Shikamoo, mzee. Nimemrudisha mtoro."

"Marahaba, Mama Kim. Pole sana. Hakukutisha?"

"Anitishe? Mimi hawa nimewabeba miaka kumi na tisa. Nilikuwa kwenye shamba la kuzalisha samaki kule Kirinyaga. Siku hizi ni afisa wa uvuvi. Nazunguka nikiwafundisha wafugaji."

Otiende alimtazama kutoka kofia hadi ndala. Halafu akacheka, na kicheko chenyewe kilikuwa na kiburi kidogo.

"Mama Kim, bila kukukosea heshima. Mimi nimezaliwa mwendo wa dakika kumi kutoka ziwani. Kwenu kule mlimani wazee hawakuwa hata wakila samaki. Walisema ni nyoka wa majini."

"Kweli kabisa!" Nyawira alisema, naye akacheka kwa sauti. "Nyanya yangu mpaka leo nikimtembelea ananinusa mikono kwanza. Wewe samaki ulizaliwa ukawakuta, mzee. Mimi ilibidi niwasome. Hebu nionyeshe hilo tangi."

Awiti, aliyekuwa ameamshwa na kelele, alisema kutoka chumbani, "Mwonyeshe, Baba Perez. Mwonyeshe kabla sijaleta sabuni."

Walienda nyuma ya nyumba, Perez akimweleza jinsi samaki walivyokataliwa kibandani, na jinsi mama yake alivyotoa nafasi moja tu, ya Jumamosi. Nyawira aliinama, akanusa maji, akatumbukiza kidole.

"Mliwavua lini?"

"Alhamisi. Saa saba mchana."

"Na mara ya mwisho kula kabla ya hapo?"

"Asubuhi hiyo hiyo. Niliwashibisha vizuri."

"Mkawaweka wapi?"

"Kwenye karai."

"Lenye barafu?"

Otiende alikohoa. "Lenye jua."

Nyawira hakumcheka. Alivuta ndoo, akaigeuza, akaikalia.

"Mzee, samaki wako ni wazuri. Umewalisha vizuri na wamekua vizuri. Tatizo ni siku zile chache za mwisho. Kwanza, maji yamechafuka. Kambare hunyonya ladha ya maji anayoishi. Akikaa kwenye tope, nyama itakuwa na ladha ya tope. Pili, samaki aliyevuliwa akiwa ameshiba huoza haraka, maana chakula kilicho tumboni ndicho huanza kuharibika. Tatu, ulimkimbiza kwenye joto. Samaki aliyekimbizwa mpaka akachoka nyama yake hulegea. Na pale alipojigonga, pakawa na alama."

"Ndiyo maana Mbuthia aliuliza alipigwa na nani," Perez alisema.

"Usiku ni saa nzuri ya kuvua, hapo hukukosea," Nyawira aliendelea. "Maji yamepoa, na samaki hawateseki na joto. Ila taa ndiyo umeitumia vibaya. Omena hufuata mwanga. Kambare anaukimbia. Yeye ni mtu wa gizani. Ukimmulika namna hii, ni kama mtu akumulike usoni ukiwa kitandani."

"Kwa hivyo nivue gizani? Nitawaonaje?"

"Hapana, hata taa utaitumia. Jumamosi nitakuonyesha. Lakini kazi inaanza sasa."

Otiende aliingia ndani, akarudi na daftari na kalamu.

"Sema polepole," alimwambia. "Mwandiko wangu si wa haraka."

Kuanzia Jumanne nyumba hiyo haikuwa na utulivu. Maji ya mfereji hufika mtaani kwao siku ya Jumanne, kwa hivyo siku hiyo walijaza mapipa manne, mawili yao na mawili ya Nyawira. Waliyaacha wazi mpaka kesho yake, kwa sababu maji ya mfereji huwekwa dawa ya kuua vijidudu. Dawa hiyo huweza kuwadhuru samaki, lakini maji yakikaa wazi kwa siku moja, nguvu yake hupungua. Siku zilizofuata walinunua maji ya kisima yaletwayo kwa mkokoteni. Kila siku walitoa robo ya maji machafu na kujaza safi. Hawakubadilisha yote kwa mpigo, maana Nyawira alisema samaki hushtuka maji yakibadilika ghafla. Maji machafu waliyamwaga kwenye sukuma wiki. Sukuma wiki hazikulalamika.

Jumatano jioni kambare walikula kwa mara ya mwisho. Alhamisi hakuna. Ijumaa hakuna.

Hapo ndipo Otiende alipopata taabu. Ijumaa asubuhi alipotokea, kambare walipanda juu na kufungua midomo, kama walivyozoea. Aliangalia nyuma. Hakuna mtu. Mkono wake ukaingia kwenye mkebe wa chakula.

"Baba." Perez alikuwa dirishani akipiga mswaki. "Weka huo mkebe chini."

"Wananiangalia, Perez. Huyu wa mbele ananijua."

"Anajua mkebe, hakujui wewe. Siku mbili hawatakufa. Mama Kim alisema wanaweza kukaa bila chakula na wasidhurike. Umeandika mwenyewe kwenye daftari."

Otiende aliuweka mkebe chini. Lakini hakwenda kuwaona tena siku hiyo, kwa aibu.

Jumamosi, saa kumi usiku, Nyawira alifika na wavu laini wenye mpini mrefu, na glavu nene. Perez alileta ndoo mbili za barafu alizonunua jana yake na kuzifunika kwa magunia. Awiti alisimama mlangoni akiwa amejifunga leso, mikono ameikunja kifuani. Otiende alimwona, akajua tangi linahukumiwa usiku huo.

Walipunguza maji taratibu kwa bomba mpaka yakafika magotini. Sasa samaki hawakuwa na nafasi ya kuruka mbali. Kisha Nyawira alitandaza gunia zito juu ya kona moja ya tangi, kona ikawa giza totoro.

"Mzee, chukua taa yako. Simama kule mwisho, upande ule mwingine. Washa, halafu sogea polepole kuja huku. Polepole kama mtu anayebeba uji."

Otiende aliwasha taa. Mwanga uligusa maji. Kambare waligeuka wote pamoja, bila vurugu, wakauondokea. Alisogea hatua. Nao wakasogea. Alipofika katikati ya tangi, maji yaliyokuwa nyuma yake hayakuwa na hata samaki mmoja. Wote walikuwa wamejikusanya chini ya gunia, kimya, kama watu waliojikinga mvua.

"Kule ziwani tunawaita kwa taa," Otiende alinong'ona. "Hapa tunawafukuza kwa taa hiyo hiyo."

"Ndiyo hivyo," Nyawira alinong'ona. "Sasa telezesha wavu chini ya gunia. Usiwakimbize. Inua wanne au watano tu. Ukijaza wavu wataumizana."

Otiende alimpa Perez taa, akashika wavu. Wavu ulipanda na samaki watano. Hawakujigonga ukutani. Maji hayakutibuka. Alinyoosha mkono ili amshike mmoja, Nyawira akamzuia.

"Glavu! Ana mwiba kila upande, hapa kwenye pezi la mbele. Utakuchoma, na wiki nzima utakula kwa mkono wa kushoto. Mshike nyuma ya kichwa, hivi."

Kila samaki alipigwa pigo moja kichwani kwa rungu dogo, asiteseke, kisha akaingizwa mara moja kwenye maji ya barafu. Hakuna aliyekaa nje. Hakuna aliyeona jua. Kufikia saa kumi na moja walikuwa na samaki arobaini. Waliobaki walirudishiwa maji yao na kifuniko kikafungwa.

Awiti alishuka ngazi. Alivuta samaki mmoja kutoka kwenye barafu, akambonyeza kwa kidole gumba. Nyama ilishuka, ikarudi mahali pake. Alimpasua. Tumbo lilikuwa safi, halina chakula. Alinusa. Alinusa tena.

"Mm," alisema. Akaingia ndani kuleta chumvi na ndimu za kuondoa utelezi.

Perez alimgonga baba yake kwa kiwiko. "Baba, umesikia hiyo 'mm'?"

"Nimeisikia," Otiende alisema. "Nimeishi na huyo mama miaka thelathini. Hiyo ni hotuba."

Kibandani, Mbuthia hakutaka kukaa. Alisimama mbali, mikono mfukoni.

"Niaje, Mama Perez. Leo ni samaki ama ni barabara ya Dandora wakati wa mvua?"

"Keti ule. Ukirudisha sahani, hulipi."

Mbuthia alimega kipande kidogo, kama mtu anayeonja dawa. Akatafuna. Akamega kikubwa. Kisha akavuta benchi, akaketi, akaomba ugali. Hakuzungumza tena mpaka mifupa ilipobaki myeupe.

"Huyu ulimtoa wapi?" aliuliza.

"Nyumbani kwangu."

"Wacha mchezo."

"Kule kwenye shida," Awiti alisema, na safari hii alicheka yeye kwanza. "Ulitaka kusema nini?"

"Niwekee wawili wa jioni. Nitakuja na mke wangu."

Lakini jioni haikuwakuta samaki. Kufikia saa nane mchana sinia lilikuwa tupu, na Awiti alikuwa akimwambia kila aliyefika aje Jumamosi ijayo. Wa Mbuthia peke yao aliwaficha chini ya meza.

Aliporudi nyumbani alipitia kwa Nyawira na samaki mkubwa aliyefungwa kwenye karatasi. Nyawira alisema atampiga picha ampelekee nyanya yake, amtishe kidogo.

Otiende alikuwa ameketi uani akingoja. Awiti alivua viatu, akaketi kando yake, akanyoosha miguu. Alizungumza juu ya wateja, juu ya mafuta yaliyopanda bei, juu ya kila kitu isipokuwa tangi. Otiende hakuthubutu kuuliza.

Jumatatu alitoka asubuhi kwenda Makadara kumtembelea rafiki mgonjwa. Aliporudi alipita nyuma ya nyumba, akasimama. Kamba ya kuanikia nguo, ambayo tangu wahamie hapo ilikuwa katikati ya uani, haikuwepo. Ilikuwa imefungwa upya kando ya ukuta. Pale katikati palikuwa na nafasi kubwa iliyofagiwa, na vigingi vinne vilikuwa vimekongomewa kwenye pembe zake.

Awiti alikuwa akipima kwa miguu, hatua baada ya hatua, mdomo ukihesabu.

"Unafanya nini, Mama Perez?"

"Hatua tatu kwa mbili," Awiti alisema bila kuinua uso. "La pili liwe la kuwasafishia kabla ya kuwavua, tuache kubeba mapipa ya watu. Mawe utanunua lini?"

"Lakini mimi sijasema nataka tangi la pili."

"Umesema. Usiku wa jana, ukiwa usingizini. Umesema mara tatu." Alimwelekeza kidole kwenye kigingi cha mwisho. "Hebu kigonge hicho vizuri, kimelala."